Saa Moja, Maiti Moja, Behewa Moja: Utamu wa Filamu za Kale za Upelelezi

Filamu iliyouweka mtaa wa Wakaliga, Kampala, mbele ya macho ya dunia inauliza swali tangu kwenye jina lake: nani alimuua Kapteni Alex? Isaac Nabwana aliitoa mwaka 2010 kwa pesa ambazo inasemekana hazikufika dola 200. Kapteni anauawa, ndugu yake anaapa kulipiza kisasi, risasi zinamiminika, Kampala inalipuliwa, filamu inakwisha. Muuaji hatajwi. Wala hakuna anayelalamika, kwa sababu VJ Emmie, msimulizi anayeongea juu ya picha, amepayuka tangu mwanzo hadi mwisho na watu wamecheka mpaka swali wamelisahau.

Sasa chukua filamu za upelelezi zilizotengenezwa Marekani na Uingereza katika miaka ya 1930 na 1940. Nazo zilitengenezwa kwa pesa za kuungaunga, lakini zina deni kwa mtazamaji: akishaoneshwa maiti mapema, kabla ya taa za ukumbi kuwashwa lazima aoneshwe muuaji, tena mbele ya mashahidi. Ufukara ni ule ule, matokeo yamepishana kabisa. Na bado, miaka themanini baadaye, wapo watu, mimi nikiwa mmoja wao, wanaoacha picha mpya ya mamilioni ya dola ili wamtazame bwana mwenye kofia akizunguka sebuleni na kuuliza nani aliyefunga dirisha. Ukitaka kuelewa kuna nini humo, anzia kwenye tiketi.

Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwakausha wenye kumbi za sinema Marekani. Viti vikawa vitupu. Wakajaribu kila hila, hata kuwagawia wateja sahani na vikombe mlangoni ili mama wa nyumbani arudi wiki ijayo kukamilisha seti yake. Hila iliyodumu kuliko zote ilikuwa kuonesha filamu mbili kwa tiketi moja. Ya kwanza ilikuwa kubwa, yenye stelingi mwenye jina na mabango barabarani. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kujazia jioni, na ndiyo iliyoitwa filamu ya daraja B.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Wanadhani B ni alama ya mtihani, kwamba kuna mtu aliitazama akaikuta dhaifu. La. B ilikuwa nafasi kwenye ratiba, na zaidi ya hapo ilikuwa namna ya kulipwa. Filamu kubwa ilikodishwa kwa asilimia ya mapato ya mlangoni. Ikipendwa, studio inatajirika. Filamu ndogo ilikodishwa kwa bei moja iliyopangwa kabla. Mtengenezaji wake alijua ataingiza kiasi gani hata kabla kamera haijawashwa. Ikitoka nzuri kupita matarajio, haongezewi senti. Ikitoka hovyo, hapunguziwi. Kwa hiyo faida yote ilikuwa kwenye kubana: filamu iwe na dakika 60 au 70 tu, ipigwe kwa wiki moja mpaka tatu, mwigizaji akikosea neno dogo msirudie.

Studio kubwa zilikuwa na vitengo vyao vya kazi hiyo, na chini yao zilikuwapo kampuni ndogo kama Monogram na PRC, ambazo hazikuwa na kingine cha kuuza. Uingereza ilifika mahali hapohapo kwa njia yake: sheria ya mwaka 1927 iliwalazimisha wenye kumbi na wasambazaji kuonesha kiwango fulani cha filamu za Kiingereza, na kampuni za Kimarekani zikaagiza filamu za harakaharaka za kutimiza sheria, nyingine zikilipiwa pauni moja kwa kila futi ya mkanda. Hebu fikiria kulipwa kwa futi, kama muuza kitambaa.

Sasa kwa nini upelelezi? Kwa sababu hakuna hadithi inayodai vitu vichache kuliko hii. Muziki unataka wachezaji thelathini na mavazi yao. Vita vinataka majeshi. Kifo cha kutatanisha kinataka chumba, maiti, watu sita wenye sababu ya kumchukia marehemu, na mtu mmoja wa kuuliza maswali. Maneno hayana gharama. Na studio ya Hollywood ilikuwa na kitu ambacho Nabwana hakuwa nacho, yaani kuta za kuazima. Jumba la fahari lililojengwa kwa ajili ya filamu kubwa lilikuwa limesimama pale bure baada ya wakubwa kuondoka. Universal, iliyokuwa mashuhuri kwa filamu za mazimwi, iliyatumia tena magofu na vijiji vya mazimwi hayo ilipoanza kutengeneza filamu za Sherlock Holmes. Palipokosekana ukuta, wakamwaga ukungu. Palipokosekana hata pesa ya ukungu, wakazima taa. Nabwana naye alikuwa na uwanja wa nje, jua la bure, vijana wanaojua kung fu na kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe. Ufukara wake ukatoka nje ukapigana. Ule wa Hollywood ukaingia ndani ukazungumza.

Mfano mzuri ni Terror by Night ya mwaka 1946, ambapo Basil Rathbone ni Holmes na Nigel Bruce ni Daktari Watson. Ina urefu wa saa moja kamili. Karibu yote inatokea ndani ya treni ya usiku kutoka London kwenda Edinburgh. Bibi mmoja tajiri anasafiri na almasi iitwayo Nyota ya Rhodesia (ndiyo, jiwe la kwetu Afrika, na hakuna hata mmoja ndani ya treni anayeuliza lilitokaje huko), na Holmes amepewa kazi ya kulilinda. Kabla chai haijapoa, mtoto wa bibi huyo amekufa ndani ya behewa lake na almasi haipo.

Tazama wanavyobana matumizi. Picha za treni ikikata usiku kwa nje ni za kuazima kutoka kwenye akiba za studio. Ndani kuna ujia mmoja mwembamba na vijumba vichache vya abiria. Lakini ujia ule mwembamba unafanya kazi ambayo pesa isingeifanya: watu wawili hawawezi kupishana bila kugusana mabega, kwa hiyo kila anayepita anakuwa mshukiwa. Treni iko mwendoni, kwa hiyo muuaji hana pa kukimbilia. Tatizo la mhasibu limegeuka kuwa hofu ya mtazamaji.

Halafu kuna kipande ambacho ningekitazama peke yake. Watson anaamua kufanya uchunguzi wake mwenyewe. Anawavamia mume na mke wazee wanaoonekana na hatia usoni, anawabana, mpaka wanavunjika na kukiri: wameiba. Wameiba birika la chai hotelini. Almasi ya mamilioni imepotea, maiti haijapoa, na Watson amekamata birika. Kwenye filamu kubwa ya leo kipande kile kingekatwa kwa sababu hakisogezi hadithi mbele. Pale kimeachwa kwa sababu walihitaji kufikisha dakika 60 na hawakuwa na fedha za kugongesha treni, na ndicho kinachobaki kichwani baada ya jina la muuaji kusahaulika.

Kabla sijaendelea niondoe mkanganyiko mwingine haraka. Filamu hizi si sawa na zile za giza na huzuni zilizopewa jina la Kifaransa, noir, ambamo mpelelezi mlevi anapenda mwanamke asiyefaa na dunia nzima imeoza. Zilipigwa miaka ileile, mara nyingi na mafundi walewale, na vivuli vinafanana. Ila noir inakuambia haki haipo. Filamu ya upelelezi ya daraja B inakuambia haki ipo, imechelewa kidogo tu kwa sababu ya mvua.

Watu wengi wanasema utamu wa hadithi hizi ni fumbo, kwamba unashindana na mpelelezi kumtafuta muuaji. Sikubaliani. Mafumbo mengi humo ni ya ovyo. Ushahidi muhimu unafichwa mfukoni mwa mpelelezi mpaka dakika ya mwisho, na mara nyingine muuaji ni yule bwana mpole asiye na kazi yoyote nyingine kwenye hadithi, ambaye usingeshindwa kumshuku hata ukiwa umelala nusu. Kama fumbo lingekuwa ndio kila kitu, hakuna ambaye angeitazama filamu hiyo mara ya pili. Nami nimezitazama nyingine mara nyingi nikijua vizuri nani ameua.

Kinachokurudisha ni watu. Studio zilitengeneza mifululizo: mpelelezi yuleyule, msaidizi yuleyule, inspekta yuleyule mbishi anayemkamata mtu asiye na hatia kila filamu na hajifunzi. Rathbone na Bruce walicheza pamoja filamu 14 za Holmes kati ya 1939 na 1946. Chester Morris alikuwa Boston Blackie, mwizi aliyeokoka, mara 14 kati ya 1941 na 1949. Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha mpelelezi Falcon wa studio ya RKO. George Sanders alipochoka kuigiza nafasi hiyo, hawakumbadilisha kimyakimya. Mwaka 1942 walitengeneza filamu ambamo Falcon anauawa na ndugu yake anashika kazi, na ndugu huyo akaigizwa na Tom Conway, ndugu wa damu wa Sanders. Mfululizo ukaendelea kwa miaka na Conway akawa na filamu nyingi kuliko Sanders mwenyewe.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa ladha hii. Muhammed Said Abdulla alituletea Bwana Msa wa Unguja katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapwa mwaka 1960, akiwa na kiko chake na rafiki yake Najum, jozi iliyokatwa kwa kitambaa cha Holmes na Watson halafu ikashonwa kikwetu. Aliyempenda Bwana Msa anajua kwamba hakuwa akifungua kurasa ili ajue nani muuaji tu. Alikuwa anakwenda kukaa na Bwana Msa.

Na hapa niseme neno kuhusu Watson wa Nigel Bruce. Wapenzi wa vitabu vya Conan Doyle wanamchukia, kwa sababu daktari mwenye akili aliyepigana Afghanistan amegeuzwa mzee wa kubabaika. Wana haki kwa upande wa kitabu. Kwa upande wa filamu ya saa moja, mtu wa kubabaika ni wa lazima: yeye ndiye anayeuliza swali ambalo mtazamaji ameona haya kuliuliza.

Kuna doa ambalo haliwezi kupitwa kimyakimya, hasa na mtazamaji mweusi. Mfululizo maarufu kuliko yote pengine ni wa Charlie Chan, mpelelezi Mchina wa Honolulu aliyebuniwa na mwandishi Earl Derr Biggers mwaka 1925. Nyuma yake kulikuwa na mtu halisi, Chang Apana, askari wa Honolulu aliyetembea na kiboko. Lakini kwenye zile filamu za miaka ya 1930 na 1940 Chan aliigizwa na Warner Oland mzaliwa wa Uswidi, kisha Sidney Toler wa Missouri, kisha Roland Winters wa Boston. Wazungu watatu mfululizo. Keye Luke, Mchina wa kweli mzaliwa wa Guangzhou na mwigizaji hodari, aliambulia kuwa mtoto mkubwa wa Chan anayeharibu kila anachogusa. Mwaka 1940 Monogram walimpa Luke nafasi ya mpelelezi Wong, ambayo kabla yake ilikuwa ya Boris Karloff. Alipewa filamu moja, basi.

Mambo hayako wazi upande mmoja, hata hivyo. Chan ndiye mwenye akili kuliko wote chumbani. Anawapa Wazungu matajiri heshima yote, halafu anamtia mmoja wao pingu. Oland alipokwenda Shanghai mwaka 1936 alipokewa kwa shangwe. Wapo Wamarekani wenye asili ya China wanaoziona filamu hizo kuwa tusi, na wapo waliokua wakizipenda, na sioni kwa nini mtu wa Kampala awaamulie.

Kinachonigusa mimi zaidi ni Mantan Moreland. Monogram walipouchukua mfululizo huo mwaka 1944 walimwingiza kama Birmingham Brown, dereva mweusi ambaye kazi yake ni kuogopa vivuli na kutoa macho. Nafasi yenyewe ni ya aibu. Mwigizaji ndani yake ni moto. Katika The Scarlet Clue ya 1945 anakutana na Ben Carter, mwenzake wa jukwaani, na wanaanza mazungumzo ambamo hakuna anayemaliza sentensi, kwa sababu kila mmoja ameshajua mwenzake anataka kusema nini. Kwa namna ya kwetu ingekuwa hivi:

“Juzi nilikutana na...”
“Yule? Si alihamia...”
“Alirudi. Siku hizi anafanya kazi na...”
“Huyo? Analipa kweli? Mimi alinipa...”
“Afadhali wewe! Mimi sikupata hata...”

Wanakwenda hivyo bila kukwama, kasi inaongezeka, na aliyesimama pembeni haelewi lolote. Kwa dakika hiyo filamu ni mali ya Moreland. Ukizikataa filamu zote za Chan kwa sababu ya doa lake, ambalo ni kweli, unamzika pia mtu huyu, aliyejipenyezea nafasi kwenye ufa mwembamba aliopewa.

Tuje nyumbani. Ni nadra kuzikuta filamu hizi kwenye vibanda vya video vya Uganda, na sababu si rangi nyeusi na nyeupe peke yake. Sababu kubwa ni VJ. Tangu enzi za kanda za VHS, VJ ndiye roho ya kibanda: anashika maikrofoni, anatafsiri, anatania, anamwonya stelingi kuwa adui yuko nyuma ya mlango. Kazi hiyo inahitaji mapengo. Picha ya mapigano imejaa mapengo. Gari likiungua kwa sekunde ishirini, VJ ana sekunde ishirini za kusema anachotaka. Filamu ya upelelezi ya 1940 haina pengo. Midomo haifungwi. VJ akitafsiri kila neno, anabaki nyuma. Akiruka maneno mawili, huenda ameruka ushahidi.

Nilimwona VJ mmoja akijaribu, Malaba, kwenye kibanda cha karibu na foleni ya malori, ambapo wateja ni madereva wa Mombasa na Kampala na Kiswahili ndicho kinachotumika. Aliweka filamu moja ya Holmes. Baada ya muda mfupi aliacha kabisa kutafsiri na kuanza kuwabatiza washukiwa. Mwanamume mwenye sharubu akawa Mzee wa Forodha. Mwanamke mwenye kofia akawa Mama Risiti.

“Mtazameni Mzee wa Forodha anavyokunywa chai,” alisema. “Anakunywa kama mtu asiye na deni! Mimi mtu asiye na deni namwogopa.”

“VJ, huyo siye,” dereva mmoja alijibu kutoka nyuma. “Muuaji ni Mama Risiti. Kwa nini hajavua glavu?”

“Mheshimiwa, weka soda mezani kama una uhakika.”

Soda zikawekwa, madereva wakagawanyika pande mbili. VJ, ambaye bila shaka alikuwa ameshaitazama filamu, akawa anawapoteza makusudi, akimsifia mwenye hatia na kumsengenya asiye na hatia. Aliyekuwa akitafsiri amegeuka mwandishi wa pili wa hadithi, anayetega mitego ambayo mwandishi wa kwanza hakuifikiria. Filamu ilipomtaja muuaji, pande zote mbili zilikuwa zimekosa, na soda zilikunywewa na mwenye kibanda. Sioni kwa nini jambo hilo lisifanyike Kisenyi au Arua.

Halafu kuna suala la nakala, ambalo linaeleza kwa nini filamu hizi zimejaa intaneti bila malipo na kwa nini nyingi zinaonekana kama zimepigwa ndani ya tope. Sheria ya zamani ya Marekani ililinda kazi kwa miaka 28, na mwenyewe alitakiwa kuomba miaka mingine 28. Kampuni ndogo zilikuwa zimekufa au zimeuzwa muda huo ulipofika, na hata kubwa zilisahau. Nani angehangaika na filamu ya kujazia jioni ya mwaka 1943? Haki zikapotea. Kati ya filamu 12 za Holmes za Universal, nne ziliangukia mikononi mwa umma namna hiyo, Terror by Night ikiwamo. Tangu hapo kila mtu akawa na ruhusa ya kuzinakili, zikanakiliwa kutoka kwenye nakala za nakala. Kwa filamu nyingine hilo ni usumbufu tu. Kwa hizi ni msiba, kwa sababu giza ndilo fanicha yao. Nakala mbovu inameza ngazi, mkono na kisu kwa pamoja, nawe unabaki na sauti gizani. Hifadhi ya filamu ya chuo kikuu cha UCLA ilizisafisha za Holmes, na ukipata nakala iliyotoka huko utadhani ni filamu nyingine. Usiitazame kwenye simu ndani ya taksi saa sita mchana.

Filamu zenyewe zilikufa polepole. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizikataza studio kuwauzia wenye kumbi filamu kwa furushi, zile ndogo zikiwa zimefungwa mgongoni mwa kubwa, na ikafungua njia ya kuzitenganisha studio na kumbi zao. Televisheni ikamaliza iliyobaki, maana ilitoa mpelelezi yuleyule kila wiki, kwa nusu saa, bila tiketi.

Anayetaka kuanza, aanze na ile ya treni. Kisha The Kennel Murder Case ya 1933, yenye maiti ndani ya chumba kilichofungwa kwa ndani. Fumbo lake, tofauti na niliyoyasema juu ya mengine, limesukwa kweli. Ya Chan iwe The Scarlet Clue, kwa ajili ya Moreland na Carter. Kiingereza chao ni cha kasi, kwa hiyo tafuta nakala yenye maandishi chini. Na usisome muhtasari kabla ya kubonyeza. Kuna watu wanaomtaja muuaji kwenye sentensi ya pili.